Asilimia 99.9 Ni Dakika Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kuipima Ahadi ya Kampuni ya Intaneti

Kila tarehe 30 Juni saiba yangu, yaani duka la huduma za intaneti, hapa Kondele, Kisumu, hujaa tangu asubuhi. Ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Ksh 2,000. Mwaka mmoja, siku hiyo hiyo, saa nane na robo mchana, mtandao ulikatika watu kumi na wanne wakiwa kwenye benchi. Taa moja ya ruta ikawa nyekundu, inapepesa. Mzee mmoja kutoka Mamboleo, fomu yake ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha kodi iliyokatwa, ameikunja mara nne kwenye mfuko wa shati, aliniuliza, "Mwanangu, basi nirudi kesho?" Nikamjibu, "Mzee, kesho ni faini." Mtandao ulirudi saa moja na dakika ishirini usiku. Mzee alikuwa ameshaondoka.

Ukutani, juu ya kompyuta ya tatu, palikuwa na kikaratasi nilichopewa na muuzaji wa kampuni iliyoniunganisha: uthabiti wa asilimia 99.9, umehakikishwa. Usiku ule nilikibandua, nikachukua kikokotoo na kupiga hesabu ambayo ilifaa niipige kabla ya kutia sahihi. Tangu siku hiyo siamini asilimia yoyote ya tangazo ambayo sijaipima mwenyewe. Hapa chini naeleza ninavyoipima, hatua kwa hatua, ili mwenye duka, mwalimu anayefundisha mtandaoni au mzazi mwenye mwanafunzi nyumbani aweze kufanya vivyo hivyo bila kuwa fundi.

Hatua ya kwanza: geuza asilimia iwe dakika

Mwezi wa siku 30 una saa 720, yaani dakika 43,200. Anayekuahidi asilimia 99.9 amejiachia moja ya elfu ya muda huo mtandao ukatike, ambayo ni dakika 43 na ushee kwa mwezi. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Asilimia 99, ambayo ukiisikia haraka unadhani ni ile ile, ni saa 7 na dakika 12 kila mwezi, na kwa mwaka inazidi siku tatu na nusu. Ile Juni yangu ilikuwa dakika 305. Kwa hesabu ya mwezi, mgao wa miezi saba uliliwa mchana mmoja.

Kisha uliza: inahesabiwa kwa mwezi au kwa mwaka? Kwa mwaka, 99.9 inaruhusu saa 8 na dakika 45. Zote zinaweza kuangukia siku moja ya kazi na ahadi ikabaki nzima.

Swali zito kuliko yote ni hili: inahesabiwa kwa laini yako, au kwa mtandao wote wa kampuni? Tuseme kampuni ina wateja 1,000. Mmoja wao, wa Nyalenda, anakosa mtandao mwezi mzima, na wale 999 hawakosi hata dakika moja. Wastani ni asilimia 99.9 kamili. Tangazo halijadanganya, na mtu wa Nyalenda amelipia mwezi asiotumia hata siku moja. Sijawahi kuona tangazo la barabarani linalosema ni laini ya nani iliyopimwa.

Hatua ya pili: uliza kabla ya kutia sahihi, tena kwa maandishi

Wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba Migosi, Lolwe au Kenya Re ni vijana wanaotafuta riziki kama sisi sote, na wengi hawajawahi kupewa masharti yenyewe wayasome. Usigombane nao. Mwambie tu, "Kijana wangu, niletee majibu haya kutoka ofisini, yakiwa yameandikwa, na mimi natia sahihi siku hiyo hiyo." Ujumbe ninaotuma ni huu, unaweza kuunakili ulivyo:

"Habari. Kabla sijajiunga naomba majibu kwa maandishi. Asilimia mnayoahidi ni ya laini yangu au ya mtandao mzima, na ni kwa mwezi au kwa mwaka? Muda wa kukatika mnauhesabu tangu mtandao unapopotea au tangu ninaporipoti? Ni mambo gani hamyahesabu? Mkishindwa mnanirudishia nini, na nadai ndani ya siku ngapi? Mkishindwa miezi miwili mfululizo, naweza kuvunja mkataba bila kutozwa?"

Jibu la "hamyahesabu" ndilo la kusoma polepole. Kwa kawaida utakuta kupotea kwa stima, ukarabati uliopangwa, uharibifu wa watu wengine, majanga ya asili, na hitilafu ya kifaa kilicho kwako. Sasa iangalie orodha hiyo ukiwa Kisumu. Joto la mchana na unyevu wa ziwa hutuletea mvua za radi za jioni karibu msimu mzima, na radi ni janga la asili. Tingatinga likichimba mtaro wa barabara na kukata mkongo, ule uzi unaoleta intaneti, huo ni uharibifu wa mtu mwingine. Lori likigonga nguzo, vivyo hivyo. Stima ikipotea, si wao. Ukiondoa hayo yote, kilichobaki ndani ya ahadi ni sababu chache ambazo ni nadra zikukatie mtandao. Sisemi kampuni ibebe lawama ya radi. Nasema asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa ihesabiwe pamoja na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, kwa sababu mteja hukatikiwa na yote mawili.

Fidia nayo ipigie hesabu mapema. Kwa kifurushi cha Ksh 3,000 kwa mwezi, siku moja ni Ksh 100 na saa moja ni Ksh 4 na senti kidogo. Saa zangu tano za Juni zilikuwa na thamani ya Ksh 21 kwenye vitabu vyao. Kama mkataba unasema utarudishiwa "sehemu ya ada inayolingana na muda uliokosa huduma", basi hiyo ndiyo adhabu yote wanayojiwekea. Adhabu ya shilingi 21 haimfanyi mtu atume fundi wa pili Jumapili jioni.

Na kasi? Kasi ni jambo jingine, lakini huuzwa kwenye karatasi moja, kwa hiyo nalitaja. Neno la kutafuta ni "hadi". "Hadi megabiti 40 kwa sekunde" ni dari, haina sakafu. Mkongo wa majumbani, ambao wengi huuita faiba, kwa kawaida hutumia mfumo wa GPON: mtambo wa kampuni unateremsha gigabiti 2.488 kwa sekunde kwenye uzi mmoja, na kigawanyaji kinaugawa uzi huo kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikivuta kwa nguvu wakati mmoja, kila moja inabaki na chini ya megabiti 39. Si kawaida zote zivute pamoja, ila saa tatu usiku hukaribia kuliko saa nne asubuhi. Uliza uzi wako umegawanywa kwa nyumba ngapi. Ukijibiwa, umepata kampuni inayoheshimu wateja wake.

Hatua ya tatu: uliza majirani, lakini usiulize "ni nzuri?"

Ukimuuliza mtu kama mtandao wake ni mzuri atakwambia ni mzuri, hasa kama ulikatika wiki iliyopita na sasa umerudi. Muulize mambo mawili tu: mara ya mwisho ulipotea lini, na ulichukua muda gani kurudi? Waulize watu watatu wa mtaa wako, walio kwenye nguzo zile zile. Mwenye duka la M-Pesa, mwenye saiba na katibu wa shule ya jirani wanakumbuka tarehe, kwa sababu walipoteza wateja au walipigiwa simu na mwalimu mkuu. Sifa za kampuni Milimani hazikusaidii Manyatta. Kipande cha mwisho, kutoka kigawanyaji hadi mlangoni kwako, ndicho kinachokatika zaidi.

Hatua ya nne: shika daftari lako mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo bila yake nyingine zote ni maneno. Kampuni ina kumbukumbu za mitambo yake. Wewe usipokuwa na zako, mkikutana mezani kutakuwa na mwenye rekodi na mwenye hasira, na mwenye rekodi atashinda.

Unahitaji kompyuta moja inayobaki imewashwa, afadhali laptopu kwa sababu ina betri, iliyounganishwa kwenye ruta kwa waya. Waya ni lazima. Ukipima kwa Waifai, kila kukatika watasema ni ukuta wako. Kwenye Windows, fungua Notepad, andika mistari hii, kisha hifadhi kwa jina daftari.bat:

@echo off
:mwanzo
echo %date% %time% >> daftari.txt
ping -n 1 192.168.100.1 | find "TTL=" > nul && echo ruta ipo >> daftari.txt || echo RUTA HAIPO >> daftari.txt
ping -n 1 8.8.8.8 | find "TTL=" > nul && echo nje ipo >> daftari.txt || echo NJE HAIPO >> daftari.txt
timeout /t 60 > nul
goto mwanzo

Badala ya 192.168.100.1 weka anwani ya ruta yako. Mara nyingi imeandikwa kwenye stika iliyo chini yake. Ruta nyingine hutumia 192.168.1.1. Anwani ya 8.8.8.8 ni ya Google, na hujibu karibu wakati wote. Bofya faili mara mbili, dirisha jeusi litafunguka, liache hapo. Zima pia mpangilio unaoilaza kompyuta ikikaa bila kuguswa, la sivyo daftari litalala nayo.

Kinachofanyika ni rahisi. Kila baada ya dakika moja hivi kompyuta inabisha hodi kwenye ruta yako, halafu inabisha hodi nje, na kuandika saa na jibu. Ikiandika "ruta ipo" na "NJE HAIPO", tatizo limevuka mlango wako. Ikiandika "RUTA HAIPO", tatizo ni lako: stima imepotea, waya umechomoka, au ruta imeganda. Usihesabu dakika hizo upande wa kampuni. Haki yako inapata nguvu ukiwa umetenga ya kwako kwanza.

Mwisho wa mwezi fungua daftari.txt uhesabu mistari ya NJE HAIPO inayofuata "ruta ipo". Mmoja peke yake usiuhesabu, hodi moja hupotea hata kwenye mtandao mzuri. Hesabu pale inapofuatana mitatu au zaidi. Ikipita 43 katika siku 30, ile 99.9 imevunjwa, na una tarehe na dakika.

Pamoja na faili hilo mimi nina kitabu cha kawaida cha kurasa 96, kalamu imefungwa kwa uzi. Kompyuta haijui kwamba kulikuwa na mvua, au kwamba vijana walikuwa wanachimba mtaro karibu na daraja la juu la Kondele. Mstari wa kitabu changu huwa hivi:

"14/3, 16:42 hadi 18:05. Taa nyekundu. Stima ipo. Mvua ya radi. Nimepiga 16:50, nambari ya malalamiko nimepewa 17:04. Fundi hakuja, umerudi wenyewe."

Angalia saa zilivyoandikwa. Tumia mfumo wa saa 24, kila mahali. Ukimwambia mhudumu wa simu "saa nane" anaweza kuandika 8, na kukatika kwako kwa mchana kukageuka kukatika kwa asubuhi ambako hakuna mtambo wao uliokuona. Lilinitokea, na kwa kosa hilo dogo ombi langu la kwanza lilikataliwa.

Kasi ipime mara tatu kwa siku, kwa wiki moja tu: 08:00, 13:00 na 21:00, kwa waya, watu wengine wakiwa wameacha kutumia. Piga picha ya skrini kila mara. Wiki moja inatosha kuonyesha kama usiku wako unafanana na asubuhi yako.

Hatua ya tano: jua pamekatika wapi kabla ya kupiga simu

Simu ya malalamiko huanza na "umejaribu kuzima na kuwasha ruta?" Ukiwa umeshajua pamekatika wapi, unaokoa nusu saa. Anza na taa.

Taa zote zimezimika: huna stima, au adapta imeungua. Baada ya radi, adapta ndiyo huwa ya kwanza kufa, kwa hiyo usikimbilie kulaumu ruta.

Taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu: mwanga haufiki kwenye ruta. Kagua ule uzi mwembamba unaoingia nyuma, wenye kichwa kidogo, mara nyingi cha kijani. Kama umekunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, au mtoto ameukalia, unyooshe polepole. Mwanga haupiti kona kali. Usichungulie ndani ya kichwa cha uzi huo kwa jicho, mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza. Kama uzi uko sawa, mkongo umekatika nje, na huo ni wa kampuni.

Taa zote ni za kijani lakini kurasa hazifunguki: hapo tatizo liko ndani zaidi, kwenye mitambo ya kampuni au njia ya kutoka nje ya nchi. Fungua tovuti zinazohifadhiwa humu nchini, halafu za nje. Kama za ndani zinafunguka na za nje zinajikokota, huenda ni nyaya za baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na kasi ikaporomoka Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo kumpigia fundi wa mtaa hakusaidii. Swali la kuuliza kampuni ni moja: mna njia ngapi za kutoka Mombasa? Mwenye moja tu hawezi kukuhakikishia kitu.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho mafundi hukitumia na wateja hawakijui. Andika ile anwani ya ruta kwenye kivinjari, ingia kwenye ukurasa wake kwa jina na nywila za kwenye stika, tafuta sehemu ya mwanga, soma nguvu ya mwanga unaopokelewa. Huandikwa kwa dBm, na ni nambari hasi. Inafaa iwe kati ya −8 na −27. Ikiwa −20 au jirani yake, uko salama. Ikiwa −26 siku ya jua, laini yako inachechemea, na kitu kidogo kikizidi itaanguka. Iandike kitabuni siku ya kwanza fundi anapomaliza kazi, yeye akiwa bado hapo. Miezi sita baadaye ikishuka kwa pointi tano au sita, una ushahidi kwamba kuna kiungo kimelegea au uzi umeminywa, hata kama mhudumu anakwambia "kwetu inaonekana sawa, mteja wetu mpendwa".

Hatua ya sita: ripoti ili iandikwe

Ile tarehe 30 Juni nilipiga simu mara tisa, nikawekewa muziki, nikakata, nikaenda kuwatuliza wateja. Nambari ya malalamiko nilipata saa kumi na moja na nusu jioni. Nilipodai, kampuni ilihesabu kuanzia hapo: saa moja na dakika hamsini, badala ya saa tano. Walikuwa sahihi kwa mujibu wa masharti ambayo sikuwa nimeyasoma.

Kwa hiyo dakika ya kwanza unapothibitisha taa nyekundu, andika: WhatsApp, barua pepe, au programu ya kampuni, chochote kinachobaki na saa yake. Simu ifuate baadaye. Ujumbe uwe na nambari ya akaunti, saa ya kukatika, rangi ya taa, kwamba stima ipo, na picha ya ruta. Omba nambari ya malalamiko. Wakikupa, uandike kitabuni. Wakifunga malalamiko kabla mtandao haujarudi, jibu palepale kwamba haujarudi. Wengine hufunga ili saa yao isimame.

Hatua ya saba: dai, ukijua sheria inasema nini

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu huduma, na kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Huhitaji kuzitaja kwenye kila barua, lakini zijue.

Barua ya kwanza ni kwa kampuni. Fupi, bila matusi: ahadi yenu ni hii, rekodi yangu ya mwezi ni hii, nambari za malalamiko ni hizi, naomba marejesho ya kiasi fulani na maelezo ya mtakavyorekebisha laini, ndani ya siku 14. Ambatisha faili na picha za kitabu. Nimegundua kwamba barua yenye dakika husomwa na mtu wa ufundi, na barua yenye hasira husomwa na mtu wa mauzo.

Wasipojibu, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Itakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni, na hapo ndipo zile nambari zinapofanya kazi. Kama hasara ni ya pesa za kuonekana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya hadi Ksh 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ipo Kisumu, ipo Nakuru. Kabla ya kufika huko, pima: kesi ya Ksh 21 haina maana, lakini kutozwa faini ya kuvunja mkataba wa huduma usiyoipata ni jambo la kupigania.

Mimi sikufika mahakamani. Barua ya pili, yenye rekodi ya siku 60, ilinitoa kwenye mkataba bila faini. Kwa saiba yangu hilo lilikuwa na thamani kuliko marejesho yoyote.

Hatua ya nane: nunua uthabiti wako mwenyewe

Huduma inayopita mikono mitatu huzidisha udhaifu. Njia ya kitaifa ikiwa 99.9, ya mjini 99.9, na kipande cha mtaani kwako 99, ukizizidisha unapata 98.8. Hiyo ni zaidi ya saa nane na nusu za giza kila mwezi, na kila mmoja njiani ana cheti chake kizuri. Laini mbili hufanya kinyume. Mbili zenye asilimia 98 kila moja, zisizotegemeana, hukosekana pamoja kwa 0.04 tu ya kila mia: zinakupa 99.96.

Neno la kushika hapo ni "zisizotegemeana". Toka nje uangalie juu. Kampuni tofauti hupitisha nyaya zao kwenye nguzo zile zile za stima. Ukinunua mikongo miwili inayoning'inia kwenye nguzo moja, lori moja litazimaliza zote. Mkongo mmoja na data ya simu ya kampuni nyingine ni afadhali, na kwa duka dogo simu yenye bando la akiba inatosha.

Stima ndiyo nusu ya tatizo. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na huko mitaani hupotea bila kuandikwa magazetini. Lakini mkongo wenyewe, kutoka mtambo wa kampuni hadi kwako, hauhitaji stima. Kinachohitaji ni mtambo wao, wenye betri, na ruta yako. Kwa hiyo UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inaweza kukuweka hewani mtaa mzima ukiwa gizani. Soma adapta kwanza: kama ni volti 12, UPS iwe volti 12, usilazimishe ya 9. Ruta ya wati 10 ikiwa na betri ya wati-saa (Wh) 38 hukaa saa tatu hivi. Radi zikianza kukaribia kutoka upande wa ziwa, chomoa adapta ukutani na uiache ruta kwenye betri.

Kisha jaribu. Wiki ya tatu ya Juni, kabla foleni haijaanza, mimi huchomoa uzi wa mkongo kwa makusudi saa moja asubuhi na kuhesabu dakika hadi kompyuta zote sita zirudi mtandaoni kwa data ya simu. Mara ya kwanza zilikuwa dakika 26, kwa sababu hakuna aliyejua nywila ya hotspoti. Mwaka jana zilikuwa 3. Nywila sasa imebandikwa juu ya kompyuta ya tatu, pale kilipokuwa kile kikaratasi.